Ukienda kula kwa Wameksiko: oda nini, tequila unaijuaje, na siku gani uende

Jamani mi nimekaa Houston mwaka wa tisa sasa na kila nikipata mgeni kutoka nyumbani, awe wa Tanga awe wa Mombasa, usiku wa kwanza simpeleki kula baga, nampeleka kwenye mgahawa wa Wameksiko uliopo mtaa wa nyuma ya kwetu. Mtu aliyekulia kwenye ndimu, pilipili, maharage na mahindi ya kuchoma nusu ya ile menyu anaijua tayari, kinachomsumbua ni majina tu. Ndo nimeona niandike ili ukifika usiishie kuoda kuku na wali kwa woga.

Ukishakaa tu, hata hujaoda, wanakuletea kikapu cha vipande vya tortilla (chapati nyembamba ya mahindi) vilivyokaangwa vikakauka na kibakuli cha salsa. Migahawa mingi ya hapa Texas hiyo ni bure na kikiisha wanaongeza, sasa wageni wengi wanapiga vikapu viwili na chakula chenyewe kikija washashiba. Onja kidogo, uache. Salsa nyekundu ni nyanya na pilipili, ya kijani inatoka kwenye tomatillo, kitunda kama nyanya mbichi kinachokaa ndani ya ganda jembamba kama karatasi, kina uchachu mzuri sana. Rangi isikudanganye, ya kijani mara nyingi ndo inayochoma kuliko nyekundu, na ukisikia habanero ujue hiyo ni ya familia moja na pilipili mbuzi, we chovya ncha tu kwanza. Pico de gallo ni kachumbari. Yani kachumbari kabisa, nyanya, kitunguu, pilipili, kotmiri, ndimu, utadhani imekatwa na shangazi yako.

Kwenye chakula chenyewe ushauri wangu ni tacos, yani tortilla ndogo zilizokunjwa na nyama ndani, tatu za aina tatu tofauti badala ya sahani moja kubwa yenye jibini juu. Ile sahani kubwa ya fajita, nyama ya kuchoma iliyokatwa vipande virefu, inayokuja inafuka moshi ni tamu sikatai, ila hiyo ni ya Wameksiko wa Texas, na kwenye tacos ndo utajua mpishi ana mkono. Sema unataka tortilla za mahindi, "de maíz", usichukue za ngano siku ya kwanza. Mahindi yake wanayachemsha na chokaa, wanayaosha, halafu wanayasaga yangali na maji, ndo maana tortilla ina ile harufu ambayo unga wetu wa sembe hauna. Kwenye nyama, asada ni ng'ombe wa kuchoma, lengua ni ulimi, laini ajabu, mi ndo chaguo langu la kwanza. Birria asili yake ni mbuzi wa kule Jalisco, jimbo la Meksiko, ila huku wengi wanapika ng'ombe kwa iyo uliza, inakuja na kibakuli cha mchuzi wa kuchovyea na huo mchuzi usiuache. Al pastor utaona nyama imepangwa kwenye chuma kinachozunguka inakatwa kwa kisu, ndugu zetu mlioko Muscat na Dubai mtasema hii si shawarma? Ndiyo, ni wahamiaji kutoka Lebanoni waliopeleka ule ufundi Meksiko, ila nyama imebadilika ikawa kitimoto, yenye nanasi juu.

Na hapo Waislamu tuelewane vizuri maana hili watu wanajikwaa bila kujua. Carnitas ni nguruwe, al pastor ni nguruwe, na yale maharage yaliyopondwa yanayoonekana hayana kosa mara nyingi yamekaangwa kwa mafuta ya nguruwe, yanaitwa manteca. Mwambie mhudumu "sin puerco, sin manteca", hawakasiriki kabisa, wameshazoea. Kama unashika halali kwelikweli basi nenda kwenye samaki na kamba na uulize wanakaangia mafuta gani.

Taco inaliwa kwa mkono, kamulia ndimu, inamisha kichwa pembeni, taco ibaki imelala vilevile. Tamales, yani unga wa mahindi uliokandwa ukatiwa nyama au maharage ndani ukapikwa kwa mvuke, zinakuja zimefungwa kwenye maganda ya mahindi, ganda unalitoa usilile, mwaka 1976 rais wa Marekani Gerald Ford akiwa kwenye kampeni San Antonio aliing'ata na ganda lake na mpaka leo watu wa Texas wanakumbushana. Elote ni mahindi ya kuchoma au kuchemsha, wanapaka mayonezi, jibini, pilipili na ndimu. Ukitoa mayonezi na jibini umesharudi kwenye jiko la mahindi barabarani.

Kinywaji cha baridi usiagize soda. Uliza aguas frescas, utakuta tamarindo ambayo ni juisi ya ukwaju ileile, jamaica ambayo ni rozela, na horchata, mchele uliolowekwa ukasagwa ukachujwa, na mdalasini na sukari. Mgeni wangu mmoja mama mtu mzima, hanywi pombe, alikunywa horchata tatu akasema Ramadhani ijayo atafuturu nayo.

Sasa tequila, ile pombe kali ya Meksiko. Hapa nitakaa kidogo maana mi mzaliwa wa Tanga na hii habari inanigusa. Tequila inatengenezwa kwa agave ya bluu, na agave ni ukoo mmoja na mkonge wetu. Mkonge wenyewe asili yake ni Meksiko, aliyeuleta Tanganyika ni Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, katika miche 1,000 aliyoagiza ikafika hai 62 tu, na kutoka kwenye hiyo ndo yakaja mashamba yote yale ya Korogwe na Muheza. Sisi tulichukua majani tukatoa katani, wao kwenye agave yao wanafyeka majani yote wanabaki na kile kitovu cha katikati wanachokiita piña kwa sababu kinafanana na nanasi, wanakioka, wanakikamua, wanachachusha juisi yake halafu wanaipika kwenye mtambo. Agave inakaa shambani miaka 6 hadi 8 kabla haijavunwa. Ukijua hivyo huwezi tena kuigugumia kama maji.

Kwenye kuchagua angalia chupa, usione aibu kumwambia mtu wa kaunta akuonyeshe. Iwe imeandikwa 100% de agave. Isipoandikwa hivyo sheria inaruhusu mpaka asilimia 49 ya sukari iliyochachushwa itoke kwenye kitu kingine, na nyingi za namna hiyo ndo zile zilizowafanya watu waape hawatagusa tequila tena. Blanco ni ile nyeupe ambayo haijakaa kwenye pipa au imekaa kidogo sana, unasikia mmea wenyewe. Reposado imelala kwenye pipa la mti si chini ya miezi miwili, añejo si chini ya mwaka mmoja. Kwa anayeanza mi nampa reposado. Tequila lazima itoke Jalisco au sehemu fulani za majimbo mengine manne, ikitoka kwingine haiitwi tequila, na ile chupa yenye mdudu ndani ni mezcal, ndugu yake, sio tequila.

Ile ya kulamba chumvi, kupiga shoti, kung'ata ndimu, kama mnafurahi mkiwa wengi sawa tu, ila tequila nzuri inanywewa taratibu. Omba na sangrita pembeni, ni juisi ya machungwa au nyanya yenye ndimu na pilipili, unaonja huku unaonja kule. Margarita, yani tequila iliyochanganywa na ndimu, ile ya kusagwa na barafu nayo ina historia ya hapahapa Texas, mashine yake ya kwanza aliitengeneza Mariano Martinez kule Dallas mwaka 1971 kwa kugeuza mashine ya aiskrimu. Inashuka kama juisi na ndo hatari yake, mbili zinatosha na uwe umekula. Umri ni miaka 21, beba kitambulisho hata kama una mvi, na gari liache nyumbani, chukua Uber.

Siku ya kwenda inategemea unataka nini. Tarehe 5 Mei kunajaa hatari, watu wanadhani ni uhuru wa Meksiko, hapana, ni kumbukumbu ya vita vya mji wa Puebla vya 1862 ambapo jeshi la jenerali Ignacio Zaragoza liliwapiga Wafaransa, na Zaragoza mwenyewe alizaliwa Goliad, hapahapa Texas. Uhuru wao ni 16 Septemba, na mi ukiniuliza nenda usiku wa tarehe 15 saa za shamrashamra, wanapiga kelele "Viva México" mgahawa mzima mpaka nywele zinasisimka, na wenyewe ndo wanajaa, bibi, wajukuu, wote. Fika saa kumi na moja jioni au piga simu mapema, la sivyo utasimama mlangoni saa nzima.

Mariachi, wale wanamuziki wa Kimeksiko, wakipita mezani kwako sio lazima uombe wimbo, ila ukiomba ujue kuna malipo, uliza bei kabla ya wimbo. Ukisema kuna mwenye birthday watamvalisha sombrero, ile kofia yao pana, na kumwimbia, mwandae mapema kama ni mtu wa aibu. Mhudumu mwachie tipu ya asilimia 18 mpaka 20, huku mshahara wao unategemea hiyo.

Na kama umependa, Desemba usikose tamales. Familia nyingi zinapika kwa wingi, zinauzwa kwa dazeni, na ukisubiri wiki ya Krismasi hupati kitu, mi naoda zangu tangu wiki ya kwanza ya mwezi, dazeni nne, mbili za kuku na mbili za maharage yasiyo na manteca kwa ajili ya jirani yangu wa Zanzibar.