Kupanga baraza la kampuni Lubumbashi: watu mchanganyiko, na jinsi ya kupima faida

Kabla ya kubadilisha wajumbe wa baraza la utawala, weka pembeni ahadi kwamba kuchanganya wajumbe, wanawake na wanaume, wazee na vijana, kutaleta pesa. Mwaka 2015 Corinne Post na Kris Byron walijumlisha tafiti 140 kuhusu wanawake barazani: palipo na wanawake zaidi, faida inayoandikwa kwenye vitabu vya kampuni ilikuwa juu kidogo tu, na uhusiano na thamani ya kampuni sokoni ulikaribia sifuri. Norway ilipitisha mwaka 2003 sheria ya kuwapa wanawake angalau asilimia 40 ya viti vya baraza. Watafiti fulani wakaona thamani ya kampuni imeshuka, wengine walipopiga hesabu upya hawakuiona hasara hiyo. Mwanamke ana haki ya kiti hata kama faida haitapanda. Kinachobaki mikononi mwako ni kuhakikisha anachokijua kila mjumbe kinafika kwenye uamuzi.

Tuchukue kampuni ya malori. Chora jedwali: wajumbe kwa mistari, ujuzi kwa safu, yaani forodha ya Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia, hesabu, ufundi wa magari, sheria ya kazi, mikataba na migodi. Tia alama pale tu mtu alipoifanya kazi hiyo mwenyewe, kuisikia hakutoshi. Mara nyingi safu ya ufundi hujaa na ya forodha hubaki tupu, wakati lori linalolala mpakani linakula pesa kila usiku. Tafuta mtu wa safu tupu, na anza kutafuta kwa wanawake na vijana ambao hawakuwahi kuulizwa.

Sheria ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, inayotumika Kongo tangu 2012, inataka sosiete anonimu (kampuni ya hisa) yenye baraza iwe na wajumbe 3 hadi 12. Wasio na hisa wasizidi theluthi: katika viti 6, ni 2. Muhula usipite miaka 6. Andika 3 kwenye statuti, yaani katiba ya kampuni, ili aliyeshindwa asikae sana.

Kosa linalorudi kila mara ni kumleta mwanamke au kijana mmoja peke yake. Huyo hugeuka pambo: akipinga, wanasema ni tabia yake, akinyamaza, wanasema hana mchango. Walete wawili au watatu kwa pamoja. Kosa la pili ni mwenyekiti kusema kwanza. Mzee akishatoa neno, kijana gani atampinga mbele ya watu? Basi mwenyekiti aseme mwisho, na mjumbe mpya afungue mjadala. Karatasi ziwafikie siku 7 kabla ya kikao. Kama zimeandikwa Kifaransa na mazungumzo ni Kiswahili, mhasibu aeleze tarakimu kwa Kiswahili kabla ya kura, maana wengi huona haya kuuliza.

Kupima: gawanya faida halisi kwa mali yote ya kampuni, zidisha kwa 100. Faida ya dola 90,000 juu ya mali ya dola 1,200,000 ni asilimia 7.5. Linganisha miaka 3 kabla na miaka 3 baada, ukiweka bei ya shaba pembeni mwa kila mwaka. Shaba ikipanda, malori yote ya mji hupata kazi, na baraza jipya litasifiwa kwa jambo ambalo halikulifanya. Kumbuka pia kwamba kampuni iliyoshiba ndiyo hupata nafasi ya kualika watu wapya, kwa hiyo huenda faida ilitangulia mchanganyiko.

Kipimo cha karibu zaidi kimo kwenye kumbukumbu za vikao. Tia alama kila pendekezo lililobadilika kabla ya kupitishwa, na jina la aliyelibadilisha. Vikao vinne vikipita bila alama hata moja, rudi kwenye utaratibu wa kuzungumza kabla ya kumlaumu mjumbe.