Injini mbili zibaki mbili: kuendesha, kutunza na kubadilisha helikopta ndogo ya injini pacha

Anayenunua helikopta ya injini mbili anakuwa amelipia jambo moja: injini moja ikizima, ya pili imfikishe salama. Mimi ni fundi niliyekulia kwenye BO 105, helikopta ndogo ya Kijerumani ya injini mbili, kisha nikachukua leseni ya urubani ili majaribio ya angani niyafanye mwenyewe. Kazi yangu naielewa hivi: nihakikishe injini hizo mbili hazipati sababu moja ya kufa pamoja. Sababu za namna hiyo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa injini zenyewe zimekaa bega kwa bega, zinazungusha giaboksi moja na rota moja, zinalishwa na tangi moja, na mara nyingi zinashikwa na fundi mmoja.

Namba nitakazotaja ni za BO 105 yenye injini za Allison 250-C20B, kila moja nguvu farasi 420. Helikopta hiyo iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1967. Kama yako ni aina nyingine, hatua ni zilezile ila namba zichukue kwenye mwongozo wa ndege yako, na popote mwongozo unapopingana nami, fuata mwongozo.

Ukaguzi wa asubuhi

Fungua vifuniko vya injini zote mbili kwa pamoja. Mara nyingi kila kitu cha kushoto kina mwenzake kulia, basi tumia upande mmoja kuusoma mwingine: bomba hili mbona limegusa fremu na lile halijagusa? Huku pana unyevu wa oili, kule pakavu, kwa nini?

Nati za mabomba huwa zimepigwa mstari wa rangi unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye kiungo chake. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Kagua kwa makini zaidi bomba jembamba linalopeleka hewa ya kompresa (sehemu ya injini inayokandamiza hewa) kwenye kidhibiti mafuta na gavana, kifaa kinacholinda kasi ya rota. Likilegea au likipata ufa, kidhibiti hudhani kompresa haina nguvu, kinapunguza mafuta, na injini nzima isiyo na ugonjwa wowote ndani inashuka hadi mwendo wa kupumzika, yaani wa chini usiobeba mzigo. Tochi na kioo kidogo vinatosha kuligundua hilo ukiwa bado chini.

Kwenye rota, kumbuka kwamba BO 105 haina bawaba za kupandisha na kushusha mapanga. Kichwa ni cha titani, na mapanga ya nyuzi za kioo ndiyo yanayojipinda. Gonga uso wa panga taratibu kwa sarafu ukisogea sentimita chache chache. Mlio ukizibika ghafla, huenda tabaka zimeachana, na hapo ndege hairuki mpaka mwenye mamlaka ya kazi hiyo apime. Mifumo ya haidroliki ni miwili kwa sababu rota ngumu namna hii haishikiki kwa nguvu za mikono, hivyo jaribio la kuhama kutoka mfumo wa kwanza kwenda wa pili usiliruke hata siku moja.

Mafuta

Kwenye helikopta nyingi za familia hii, injini hazinywi moja kwa moja kutoka tangi kuu. Pampu za kuhamishia husukuma mafuta hadi tangi la kulishia, na injini hunywa hapo. Pampu hizo zikiwa zimezimwa, mafuta ya tangi kuu ni mzigo tu.

Tarehe 29 Novemba 2013, helikopta ya polisi aina ya EC135, nayo ya injini mbili, iliangukia baa mjini Glasgow usiku, watu 10 wakafa. Wachunguzi walikuta zaidi ya kilo 70 za mafuta kwenye tangi kuu, huku matangi ya kulishia yakiwa karibu makavu na pampu zote mbili za kuhamishia zikiwa zimezimwa. Injini zote mbili zilikuwa zimezimika, moja ikifuatiwa na nyingine. Kwa hiyo unaposoma mafuta, soma mambo matatu kwa mfuatano huu: tangi la kulishia lina kiasi gani, swichi za pampu ziko wapi, ndipo jumla. Taa ya onyo la mafuta ikiwaka, iamini, hata kama geji inakuonyesha kingi.

Kuwasha

Mimi hubadilisha injini ya kuanza: leo ya kushoto, kesho ya kulia. Inayotangulia ndiyo inayobebwa na betri peke yake, na kwa kubadilishana najua hali ya stata zote mbili.

Bonyeza stata na usubiri kompresa ifike angalau asilimia 12 hadi 15 ya kasi yake, kulingana na baridi, ndipo ufungue mafuta. Macho yabaki kwenye joto la turbaini. Likipita nyuzi 810 za Selsiasi, una sekunde 10 tu za kulivumilia. 927 ni kilele cha sekunde moja. Ukiona sindano inapanda bila dalili ya kupunguza mwendo, usingoje ifike: funga mafuta, lakini stata iendelee kuzungusha ili hewa ipoze ndani. Chanzo cha kawaida cha joto kupita kiasi wakati wa kuwasha ni betri dhaifu, kwa sababu kompresa inayozunguka polepole haipitishi hewa ya kutosha. Stata iachie kompresa ikifika asilimia 58.

Ukiwa ardhini na rota inazunguka, wenzo wa kuelekeza uache katikati. Kwa kuwa kichwa hakina bawaba, kila unapousogeza unapinda mlingoti wa rota. Ipo geji ya kupima mpindo huo. Ukivuka kikomo chake, andika kitabuni na ukaguzi ufanyike.

Injini moja ikiharibika angani

Hapa ndipo ningependa kila rubani asimame na kufikiri sana. Unaona torki (nguvu ya kuzungusha) ya injini ya pili imeanguka, ya kwanza imepanda. Mkono unataka kwenda kuzima ya pili. Uzuie.

Gavana za injini zote mbili zinalinda kasi ya rota ileile. Gavana ya injini ya kwanza ikikwama upande wa juu, injini hiyo inamwaga nguvu, rota inakimbia, na gavana ya pili, ikitimiza wajibu wake, inakata mafuta ya injini yake. Kwa hiyo ile inayoonekana mgonjwa ndiyo nzima, na ukiizima umebaki na mbovu.

Kinachotenganisha hali hizi ni kasi ya rota. Ikiwa imepanda juu ya kawaida, mkosaji ni injini yenye torki kubwa: ongeza kidogo mzigo kwa wenzo wa kupandishia ili rota isikimbie, kisha ipunguze injini hiyo kwa mkono. Ikiwa rota imeshuka, mkosaji ni ile iliyoanguka: shusha wenzo wa kupandishia mpaka rota irudi, tafuta mwendo unaohitaji nguvu ndogo, ndipo uangalie joto na kasi ya kompresa kuthibitisha. Katika hali zote mbili, kabla ya kufunga injini yoyote irudishe kwanza polepole kuelekea mwendo wa kupumzika. Ukiwa umechagua vibaya, rota itakwambia mara moja, na bado utakuwa na nafasi ya kuirudisha.

Baada ya kutua, iache kila injini kwenye mwendo wa kupumzika dakika 2 ipoe. Zima moja moja, na utazame sindano za kasi: ya injini inayozimwa lazima iachane na ya rota na kushuka peke yake. Zisipoachana, klachi ya kuteleza ya injini hiyo, inayopaswa kuitenga na rota ikizima, haiachii, maana yake ikifa angani itaiburuta rota.

Mikono ya fundi

Tarehe 5 Mei 1983, ndege ya Eastern Air Lines aina ya L-1011 yenye injini tatu iliondoka Miami na nusura itumbukie baharini. Vinasa chembe vya sumaku, vinavyokamata vipande vya chuma ndani ya oili, vya injini zote tatu vilikuwa vimerudishwa bila mipira yake ya kuzuia oili. Oili ikavuja kwenye zote tatu. Ndege ilirudi Miami kwa injini moja waliyofanikiwa kuiwasha tena.

Tangu nisome habari ile, sikubali kinasa cha kushoto na cha kulia viguswe na mtu yuleyule siku ileile. Ikiwa haiepukiki, mwingine akague kabla kifuniko hakijafungwa, na injini iwashwe kutafuta uvujaji. Kuhusu unachokuta kwenye sumaku: uji wa kijivu ni uchakavu wa kawaida, vipande vyenye ncha au magamba yanayong'aa ni beringi au gia inayoomba msaada.

Kuosha kompresa ni rahisi lakini kuna utaratibu. Ukiruka karibu na chumvi, suuza kwa maji yaliyochujwa madini kila siku baada ya safari ya mwisho. Injini iwe imepoa. Bomba lile la hewa ya gavana lifunguliwe na kuzibwa ili maji yasiingie, kisha likirudishwa lipimwe uvujaji na lipigwe mstari mpya wa rangi. Washa injini muda mfupi baadaye ikauke.

Joto la injini moja likianza kupanda kuliko mwenzake kwa torki ileile, badilishanisha kwanza geji za injini hizo mbili. Tatizo likihama na geji, umeokoa injini. Likibaki, na limepanda polepole kwa wiki kadhaa, tafuta uchafu kwenye kompresa; likiruka kwa siku moja, tafuta hewa inayovuja.

Ukitaka kuongeza kitu

Winchi, kamera, taa ya utafutaji, vichujio vya mchanga: vyote vinahitaji idhini ya kiufundi yenye nyongeza yake ya mwongozo. Idhini pekee haitoshi. Uliza kila kifaa maswali ya siku ya injini moja. Uzito huu ukiwa ndani, injini iliyobaki itashikilia kimo kwenye joto na mwinuko unaorukia? Kichujio kinanyang'anya kiasi gani cha nguvu? Jenereta moja ikifa na injini yake, nyingine itabeba redio, taa na kifaa kipya, au kipi kijikate chenyewe?

Usipange nyaya za jenereta zote mbili kwenye kifungu kimoja kwa sababu tu njia ni fupi. Baada ya kazi, pima ndege nzima kwenye mizani upya badala ya kujumlisha karatasini, kwa kuwa rangi, viraka na nyaya za zamani zina uzito ambao hakuna aliyeuandika. Kisha keti kwenye kiti cha rubani, zima jenereta moja injini zikiwa zinazunguka, washa kila kitu, na usome ampea za iliyobaki kwa sauti ili mwenzako aziandike.