Kupeleka chanjo kisiwani wakati wa kaskazi: barafu itakuponza kabla ya jua

Juzi nimemsaidia mdogo wangu mmoja, mgeni kwenye kazi ya chanjo, kufunga karia, lile kasha la baridi la kubebea chanjo, ya kwenda kisiwa cha Fundo kutokea Wete, Pemba. Kaja na aispaki (vile vibweta vya maji ya kugandisha vya kupozea karia) nyeupee, zinatoka moshi, ndo kwanza kazitoa friza, ananambia "dada, leo jua lichome litakavyo". Nikamwambia zitoe zote hizo.

Hatua 1: Ulizia maji kabla hujafunga. Ukifunga asubuhi kisha ukakuta maji makavu, mashua haielei, utakaa pwani na karia yako juani. Mie nampigia nahodha kwanza.

Hatua 2: Aispaki. Hapa soma vizuri. Chanjo inataka nyuzi 2 mpaka 8, na kila mtu anaogopa ile 8, hii 2 haiogopi mtu. Joto linaharibu pole pole na VVM, ile alama ya kwenye kichupa inayobadilika rangi kwa joto, inakuonyesha, lakini chanjo ikiganda VVM haikwambii kitu, inabaki vile vile nzuri na wewe unachoma maji tu. Pentavalenti (chanjo tano ndani ya moja), pepopunda, HPV (ya saratani ya shingo ya kizazi), homa ya ini B, nimonia, zote hizo zikiganda basi. Mie yalinikuta mwaka wa kwanza, nilizipanga na barafu ngumu kama jiwe, nikafika nikakuta penta zimeganda, siku nzima ikapotea.

Kwa hiyo zitoe friza, zitandaze mezani moja moja usizibebanishe, zisubiri mpaka ukiitikisa usikie maji yanacheza ndani. Aispaki zote ziwe hivyo, si moja ukaridhika. Usinambie dakika ngapi, chumba chenye feni na chumba chenye kiyoyozi si sawa, sikiliza maji. Kisha zifute, lebo zikirowa zinabanduka. Kwa safari fupi kama ya Fundo mie napenda zaidi aispaki za maji yalopoa kwenye friji tu, hayakuganda kabisa, ila polio ya matone itizame VVM yake kila mara kwani ndo dhaifu kuliko zote kwa joto.

Ukishuku penta imeganda, chukua kichupa chengine cha bechi ile ile, kigandishe makusudi, kiyeyuke, vitikise vyote viwili uviweke mezani nusu saa. Kama mashapo ya chako yanatuama haraka sawa na ya kile ulichokigandisha, usichome. Hii haifai kwa surua wala polio.

Hatua 3: Panga. Aispaki pembeni, vichupa katikati ndani ya mfuko, kipimajoto humo humo, sponji juu, funga. Maji ya kuchanganyia surua na BCG (ya kifua kikuu) nayo yapoe, yasigande.

Hatua 4: Mashuani weka kivulini, funika kanga. Na usifungue fungue kuchungulia, jamani!

Hatua 5: Ukifika, kichupa ulichofungua kichomeke kwenye sponji. Surua ukishaichanganya mwisho wake ni masaa 6 tangu hapo, ikibaki mwaga, hata kama imebaki dozi 8 na roho inauma. Za kurudi nazo tizama VVM: mraba wa ndani ukiwa mweupe kuliko duara la nje, rudisha friji na uziweke mbele zitumike mwanzo. Ukilingana rangi na duara au ukazidi weusi, tenga, andika kwenye leja.