Kuhesabu abiria wa Likoni kwa thredi nyingi

Ukiandika programu ya kuhesabu abiria wanaoingia kivuko cha Likoni, kila lango likiwa na thredi yake (mkondo wa maagizo unaoendeshwa sambamba na mingine), usiitegemee `hesabu++` ya kawaida, kwa kuwa kwa kweli ni hatua tatu: kusoma thamani, kuongeza moja, kisha kuandika. Thredi mbili zikisoma 41 kwa pamoja, zote zitaandika 42, na abiria mmoja atakosekana hesabuni. Katika C++, tangu toleo la 2011, tumia `std::atomic<int>` na `fetch_add`, inayofanya hatua hizo tatu kiatomiki, yaani kama hatua moja isiyogawanyika. Katika Java, `AtomicInteger`. Jihadhari sana na `hesabu = hesabu + 1`, ambayo katika C++, hata kigeu kikiwa cha atomiki, husoma na kuandika kwa hatua mbili zilizotengana, na thredi nyingine yaweza kupenya katikati.