Kulinda mrija wa mshipa mkubwa kwa mtoto mwenye saratani
Mtoto anayetibiwa saratani katika hospitali ya Bugando, Mwanza, anaporudi nyumbani Kirumba au Igoma akiwa na mrija kifuani, ambao ncha yake hufika karibu na moyo, hatari kubwa ni mrija huo kuvutwa au kuingiwa na vijidudu. Kunja sehemu ya nje iwe kitanzi kilicholegea, uibandike kifuani kwa plasta, ili mtoto akiuvuta, plasta ndiyo ivutike na si pale mrija ulipoingilia ngozini. Mkasi usikaribie kabisa. Kuogelea ziwani kusubiri, ingawa najua joto la Mwanza linavyoshawishi. Bandeji ikilowa au ikibanduka, muuguzi aibadilishe siku hiyohiyo. Mrija ukikatika, ubane kati ya mkato na mwili. Ukichomoka, kandamiza pale ulipotokea kwa gozi safi (kitambaa laini cha kufungia vidonda). Kisha, kama ilivyo kwa homa ya nyuzijoto 38, wahi hospitali hata usiku.