Namna ya kuufundisha mfano wa chachu jumuiyani

Anza na ndoo, maelezo yatafuata. Zamu yangu ya kuongoza tafakari ya Mathayo 13:33 ikifika, pale Yesu anapoufananisha ufalme wa mbinguni na chachu ambayo mwanamke aliificha ndani ya unga mpaka wote ukachacha, nabeba ndoo mbili za lita 20 na kuziweka katikati ya mkeka. Biblia ya Union inasema mwanamke yule aliisitiri chachu ndani ya "pishi tatu za unga". Pishi sisi tunaijua: vibaba vinne, karibu kilo 3. Basi msomaji anawaza beseni moja la unga wa maandazi. Lakini neno la Kigiriki hapo ni saton, kipimo cha lita 13 hivi. Tatu zake zinakaribia kujaza ndoo zote mbili. Mimi hukanda kilo 4 kila alfajiri kwa ajili ya biashara na mabega yanauma. Unga wa mama yule unapita kilo 20! Huo ni wa kulisha kijiji.

Kisha fungueni Mwanzo 18:6. Wageni watatu wamefika Mamre, na Ibrahimu anamwagiza Sara akande vipimo vitatu, kiasi kilekile. Wasikilizaji wa Yesu walikuwa wamelelewa na habari hiyo.

Lazima mtu atauliza: chachu si kitu kibaya? Usilikwepe swali hilo. Kutoka 12 inaagiza chachu iondolewe nyumbani kwa siku saba, na kwenye Mathayo 16:6 Yesu mwenyewe anaonya juu ya chachu ya Mafarisayo. Mimi naamini alikichagua kitu hicho makusudi, kama alivyomchagua Msamaria, mtu wa watu waliodharauliwa na Wayahudi, awe mwema katika mfano mwingine.

Usilete hamira ya pakiti. Enzi zile walibakiza donge la unga wa jana uliokwisha kuchacha. Nawe fanya hivyo: usiku wa kuamkia siku hiyo acha donge dogo lifunikwe, asubuhi likande ndani ya unga mpya, funika kwa kitambaa, nenda nao jioni.

Neno "akaisitiri" lisomeni mara mbili, polepole. Hapo ndipo funua beseni. Unga umeumuka, una vitundu, unanukia uchachu. Mwombe mmoja akutolee lile donge la jana. Safari iliyopita bibi mmoja alizamisha vidole, akapapasa, akavitoa vikiwa vimevuta nyuzi za unga, akasema, "Halipo tena, mwanangu. Limekuwa wote." Sikuongeza neno, tukaingia kwenye maombi.