Somo: Masafa ya umeme, namna ya kuyapima na vifaa vinavyoumia yakiyumba

Habari zenu wakuu. Umeme ukicheza kidogo na kifaa kikaungua, hakosi mtu wa kusema "masafa yalipanda". Mara nyingi si masafa, ni volti. Hivi viwili vikichanganywa, mtu hununua kinga isiyomsaidia. Msimamo wangu ni huu: kwenye gridi kubwa, yaani mtandao wa umeme wa nchi, masafa hayana neno kwa mwenye nyumba, ila kwenye jenereta yako mwenyewe ndipo yanapoua vifaa.

Hatua ya 1: Jua unachokipima

Umeme wa soketi hubadili mwelekeo, kwenda na kurudi. Idadi ya mizunguko hiyo kwa sekunde ndiyo masafa, na kipimo chake ni hezi (Hz). Nchi nyingi hutumia hezi 50, Marekani na Kanada 60, na Japani zote mbili: mashariki 50, magharibi 60.

Masafa hutokana na mwendo wa mashine. Jenereta yenye ncha mbili za sumaku ikizunguka mara 3000 kwa dakika hutoa hezi 50. Mzigo ukizidi nguvu inayoingizwa, mashine huelemewa, mwendo hupungua na masafa hushuka. Mzigo ukitolewa ghafla, hupanda. Mashine zote za gridi moja hufungamana kwa masafa yale yale, kwa hiyo masafa ya kwako ndiyo ya jirani na ndiyo ya mji wa mbali. Taa zako zikififia na za jirani ziko sawa, acha kuyalaumu masafa. Kagua waya na viungio.

Tarehe 9 Agosti 2019, Uingereza ilipoteza uzalishaji mwingi baada ya radi kupiga laini. Masafa yalishuka hadi hezi 48.8, na hapo mitambo ya kinga ikawakatia umeme wateja wapatao milioni 1 ili kuiokoa gridi. Hezi 1.2 tu! Gridi hujikinga yenyewe kabla friji yako haijahisi kitu.

Hatua ya 2: Pima

Kilicho salama zaidi ni mita ya kuchomeka kwenye soketi inayoonyesha volti na hezi kwa pamoja. Ukitumia multimita, iweke kwenye volti za AC (umeme wa kwenda na kurudi), kisha bonyeza kitufe cha Hz. Hakikisha waya mwekundu uko kwenye tundu la V. Ukiwa kwenye tundu la A, unapiga shoti mkononi mwako. Kama hujazoea kushika nyaya zenye umeme, mwachie fundi.

Soma zote mbili, volti na hezi. Namba moja peke yake hudanganya, na sababu utaiona hapo chini.

Hatua ya 3: Tenganisha vifaa vyako

Pasi, hita na jiko la koili havijali masafa, vinajali volti. Chaja za simu, kompyuta na televisheni za kisasa hugeuza umeme kuwa DC (wa mwelekeo mmoja) kwanza, na kibandiko chake kwa kawaida husomeka "100-240V 50/60Hz". Hizo ziache.

Mota ndizo za kuangalia: feni, pampu, friji isiyo na inveta (saketi inayoipangia mota mwendo wake). Mwendo wake hufuata masafa. Pampu ikishuka hadi hezi 45 hupungua mwendo kwa takribani asilimia 10, lakini shinikizo la maji hupungua kwa karibu asilimia 19. Feni inayoipoza mota nayo imepungua, basi joto linabaki ndani.

Transfoma, kifaa cha kupandisha au kushusha volti, ni mgonjwa mwingine, nayo imo kwenye maikrowevu za kawaida, stabilaiza (kifaa cha kutuliza volti) na chaja nzito za zamani. Masafa yakishuka huku volti zikibaki palepale, sumaku hujaa kupita kiasi kwenye kiini cha chuma. Volti 230 kwenye hezi 44 huibebesha sumaku sawa na volti 261 kwenye hezi 50. Mita ya volti peke yake itakwambia mambo ni shwari, kumbe transfoma inapikika. Utaisikia ikivuma kwa nguvu.

Hatua ya 4: Rekebisha jenereta

Kwa jenereta ya kawaida yenye gavana ya chuma (kidhibiti cha mwendo wa injini):

1. Iwashe bila mzigo, iache ipate moto.
2. Soma hezi. Takribani 52 ni sawa, kwa sababu itashuka ikipewa mzigo.
3. Ongeza vifaa kimoja kimoja, kuanzia chenye mota kubwa. Ikifika mzigo wake kamili inatakiwa iwe karibu na 50.
4. Ikianguka chini ya 48 na kubaki hapo, punguza mzigo. Usikimbilie kukaza skrubu ya gavana: ukiikaza ili ibebe mzigo, siku mzigo ukitoka masafa na volti vyote vitaruka juu.

Namba zikipanda na kushuka bila kutulia, chanzo mara nyingi ni kabureta chafu. Safisha hiyo kwanza.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, stabilaiza yangu ni kubwa. Si inanilinda na masafa pia?

Jibu: Hapana, ndugu. Hurekebisha volti tu. Hezi 46 zikiingia, hezi 46 zinatoka. Tena yenyewe ina transfoma, kwa hiyo nayo inaumia.

Swali: UPS (kifaa cha betri cha kushikilia umeme ukikatika) inakataa umeme wa jenereta, inabaki kwenye betri hadi inazima. Mbovu?

Jibu: Inawezekana kabisa ni nzima. UPS hupima masafa, na yakiyumba huyakataa. Fanya hatua ya 4 kwanza. Baadhi zina mpangilio wa kulegeza mipaka hiyo, angalia kitabu chake.

Swali: Nimeletewa mashine ya hezi 60, volti 120. Transfoma ya kushusha volti inatosha?

Jibu: Volti zitashuka, hezi zitabaki 50. Kama ni ya mota itazunguka polepole na kupata joto. Soma kibandiko: kama kimeandikwa 50/60Hz, endelea, kama ni 60Hz pekee, usiiwashe.

Swali: Saa ya mezani ya kuchomeka inakimbia tukiwasha jenereta, halafu kwenye gridi inatulia. Kwa nini?

Jibu: Saa za namna hiyo huhesabu mizunguko ya umeme. Kwenye hezi 52 itakimbia dakika 2.4 kila saa moja. Hata gridi inaweza: kati ya Januari na mwanzo wa Machi 2018, saa za aina hiyo katika sehemu kubwa ya Ulaya zilichelewa karibu dakika 6, kwa sababu wastani wa masafa ulikuwa 49.996 badala ya 50.

Swali: Mimi natumia sola yenye betri. Zikijaa naona hezi 51 na zaidi. Niogope?

Jibu: Kama una inveta nyingine ya sola (kifaa cha kugeuza DC kuwa AC) iliyounganishwa upande wa AC, hiyo ni makusudi. Inveta ya betri hupandisha masafa ili ile nyingine ipunguze uzalishaji. Kama huna, ikague mipangilio yake na fundi.